Amplifaya ikae wapi kwenye gari la zamani: chini ya kiti, butini, nyuma ya dashibodi au kwenye kiti cha nyuma?

Magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960 yalitoka kiwandani na redio moja na spika moja katikati ya dashibodi, na mengine hayakuwa na redio kabisa. Hakuna aliyeacha nafasi ya sanduku la chuma linalotoa joto, linalotaka waya mnene kutoka kwenye betri, na lisilovumilia maji. Ndiyo maana mwenye gari la zamani anayetaka muziki mzuri hukwama pale pale: amplifaya ameshaichagua, pengine ameshainunua, lakini hajui aiweke wapi.

Ushauri wangu ni kugeuza mpangilio huo. Tafuta nafasi kwanza, ipime, kisha ununue amplifaya inayoingia humo. Amplifaya zinazidi kuwa ndogo kila mwaka. Gari lako litabaki lilivyo, na tundu lililotobolewa kwenye bati lake la asili halizibiki bila kuchomelea na kupaka rangi upya.

Nafasi zinazotumika sana ni nne: chini ya kiti cha mbele, ndani ya buti, nyuma ya dashibodi, na chini au nyuma ya kiti cha nyuma. Nitazipima zote kwa mambo yale yale.

Mambo ya kupima

*Nafasi halisi.* Vipimo vilivyoandikwa kwenye boksi la amplifaya ni vya sanduku lenyewe tu. Upande wenye viungio vya waya unahitaji sentimita tano hadi nane zaidi, kwa sababu waya mnene haukunjiki ghafla. Juu na pembeni acha sentimita tatu angalau ili hewa ipite. Kata boksi la kadibodi lenye ukubwa huo wote, liweke unapopafikiria, kisha funga mlango, sogeza kiti, fungua buti na uone kama linagongwa.

*Joto.* Amplifaya za mfumo wa zamani, zinazoitwa daraja AB, hupoteza takriban nusu ya umeme zinaoula, na umeme huo wote hugeuka joto. Za daraja D hutumia vizuri asilimia 80 au zaidi, ndiyo maana ni ndogo na hazichemki sana. Kwa gari la zamani ningependekeza daraja D karibu kila mara. Zile zilizokuwa zikilalamikiwa sauti yake miaka ya nyuma zimeshapitwa.

*Maji.* Mpira wa kioo cha mbele uliokauka, mpira wa buti uliobonyea, gasketi ya taa ya nyuma iliyopasuka: gari la umri huu huvuja mahali fulani. Kabla ya kuamua, nyanyua kapeti na uguse chini yake siku moja baada ya mvua au baada ya kuosha gari.

*Nyaya.* Waya wa umeme una urefu gani kutoka kwenye betri, nyaya za sauti zina urefu gani kutoka kwenye redio, na je, zinaweza kupita pande tofauti za gari?

*Usalama.* Tenki la mafuta liko wapi, betri iko wapi, na kuna nini upande wa pili wa bati unalotaka kufungia kitu.

*Kurudishika.* Je, unaweza kuondoa kila kitu ukaliacha gari kama lilivyokuwa, bila alama? Kwa wengine hili ni la mwisho. Kwangu mimi ndilo linaloamua pale nafasi mbili zinapolingana.

Kwanza uliza umeme

Hili halihusu nafasi moja kwa moja, lakini linaamua ukubwa wa amplifaya, na ukubwa ndio unaoamua nafasi.

Chukua amplifaya ya wati 50 mara nne, jumla wati 200. Ikiwa ni daraja AB yenye ufanisi wa asilimia 60, ikipigwa hadi mwisho itavuta takriban ampea 24 kwenye volti 13.8. Daraja D yenye asilimia 85 itavuta kama 17. Muziki wa kawaida hauvuti kiasi hicho muda wote, lakini vishindo vya besi hufika huko.

Sasa angalia kinachozalisha umeme. Dinamo ya Lucas C40 ya kawaida, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1960, hutoa ampea 22 tu ikizunguka kwa kasi nzuri, na injini ikiwa kwenye mwendo wa chini kabisa haitoi karibu chochote. Taa za mbele na za nyuma pekee hula nusu ya hizo. Ukiwa usiku kwenye foleni, wiper zinafanya kazi na muziki uko juu, unakula betri. Mwenye dinamo ana njia mbili: abaki na amplifaya ndogo ya daraja D na asiipige sana usiku, au abadilishe dinamo kwa alteneta. Siku hizi zipo alteneta zilizotengenezwa kwa umbo la dinamo ya zamani, kwa wanaojali mwonekano wa injini.

Mambo mengine mawili lazima yajulikane kabla ya kununua. La kwanza ni volti. Volkswagen Beetle nyingi za kabla ya modeli ya 1967 zina mfumo wa volti 6, na amplifaya za kawaida zinataka 12. La pili ni erthi. Magari mengi ya Uingereza hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 yaliunganisha bodi na upande chanya wa betri. MGB, kwa mfano, ilihamia erthi hasi mwishoni mwa 1967. Amplifaya ya kisasa imetengenezwa kwa erthi hasi. Kwenye gari la erthi chanya ukiiunganisha kwa namna yake ya kawaida, sanduku lake likigusa bati, au ngao ya waya wa antena ikigusa bodi, ni shoti. Gari la dinamo hubadilishwa kuwa erthi hasi bila kazi kubwa, ila dinamo lazima ipewe upya mwelekeo wake, na saa, mita na redio ya asili zikaguliwe moja moja na fundi anayezielewa.

Chini ya kiti cha mbele

Hapa ndipo wengi huanzia, na kwa sababu nzuri. Pako katikati ya gari, hapaonekani, na huhitaji kufungua kitu chochote cha asili.

Nafasi inategemea kiti. Viti virefu vya mbele vya magari ya Marekani, vinavyokalia watu watatu, huwa na uwazi mpana chini yake. Viti vya gari dogo la michezo hulala karibu kabisa na sakafu na mara nyingi haviachi hata sentimita tano. Na usidanganywe na kiti kisichokaliwa. Springi na mikanda ya mpira ya kiti cha miaka hamsini hulegea, na kiti hushuka kuliko unavyodhani. Weka lile boksi la kadibodi chini, mwambie mtu mzito kuliko wote unaowabeba akae, aruke kidogo kama gari limepita kwenye shimo, kisha asogeze kiti mbele na nyuma hadi mwisho wa reli. Toa boksi ulitazame. Likiwa na mkunjo au alama ya springi, amplifaya haikai hapo, kwa sababu springi ile ni chuma na viungio vya amplifaya vina umeme.

Joto halisumbui sana ikiwa kuna uwazi mbele na nyuma, ila angalia njia za hita. Kwenye baadhi ya magari hewa ya moto hutoka chini, karibu kabisa na kiti. Maji ndiyo adui mkubwa hapa. Sakafu ni mahali pa chini kuliko pote, na felti iliyo chini ya kapeti hunyonya maji ikayatunza kwa wiki nzima huku juu pameonekana pakavu. Amplifaya isilale juu ya kapeti. Inyanyuliwe sentimita mbili kwa vipande vya mpira mgumu au plastiki, na viungio vielekee upande ambao viatu vya abiria wa nyuma havifiki.

Kwa nyaya, nafasi hii ni nzuri sana. Betri ikiwa mbele, waya wa umeme ni mita mbili au tatu, na nyaya za sauti ni fupi pia. Ikiwa betri iko ndani au nyuma, angalia zaidi: kwenye MGB betri ziko nyuma ya viti chini ya mfuniko wa sakafu, hivyo waya unakuwa mfupi mno.

Usalama: kwenye Land Rover Series fupi ya petroli tenki liko chini ya kiti cha kulia. Hapo pasahau. Kwa magari mengine, usiingize plaiwudi wala mpira kati ya reli ya kiti na sakafu ili kupata pa kufungia. Bolti za kiti ndizo zinazokushika gari linapogongwa, na kitu laini katikati yake huzilegeza. Kata ubao unaokaa kati ya reli mbili bila kupita chini yake, ufunge amplifaya juu ya ubao, na ubao uzuiwe na reli zenyewe kwa vishikio vidogo. Ukifanya hivyo, kurudishika ni asilimia mia.

Panamfaa mwenye gari lenye viti vilivyonyanyuka na sakafu kavu, anayetaka spika nne za kawaida bila sabufa kubwa, yaani spika ya besi.

Ndani ya buti

Kwenye sedani buti lina nafasi kuliko sehemu nyingine zote kwa pamoja, na ndilo pekee linalopokea amplifaya kubwa ya daraja AB bila malalamiko. Lakini buti la gari la zamani lina siri nyingi kuliko linavyoonyesha, na hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie.

Anza na tenki. Kwenye Ford Mustang za 1965 hadi 1970, tenki la mafuta limeshushwa kutoka juu, na mgongo wake ndio sakafu ya buti. Ukipiga skrubu kwenye sakafu hiyo unapiga skrubu ndani ya petroli. Kwenye Mini ya asili tenki limesimama kushoto mwa buti. Kwenye Mercedes-Benz W123 sedani, tenki liko juu ya ekseli ya nyuma, mgongoni mwa kiti cha nyuma, yaani mahali hasa ambapo fundi wa muziki angependa kufunga ubao wake. Magari mengi pia yana mpira wa kujazia mafuta au bomba la hewa la tenki linalopita ndani ya buti. Ukisikia harufu ya petroli ukifungua buti, kazi ya amplifaya inasubiri hadi mpira huo ubadilishwe. Mvuke wa petroli na cheche ya kiungio kilicholegea havitakiwi chumba kimoja.

Ndani ya buti lenyewe kuna mahali pengi pa kuchagua. Mgongo wa kiti cha nyuma, kama hakuna tenki, ndio bora: amplifaya inasimama wima, mapezi yake ya kupoza yakielekea juu na chini ili hewa ya moto ipande yenyewe, na mizigo haiigongi sana. Ukuta wa pembeni, juu ya upinde wa tairi, unafaa kwa amplifaya ndogo. Chini ya rafu ya nyuma, yaani kuifunga ikining'inia kichwa chini, ni njia inayopendwa kwa sababu hailemei nafasi ya mizigo, lakini mimi siipendi: joto lote linakwama juu, na rafu hiyo imekaa juani chini ya kioo. Ukilazimika, tumia daraja D na uache sentimita tano kati yake na bati. Shimo la tairi la akiba linavutia kwa ukubwa wake, lakini ndipo maji ya buti yanapokusanyikia. Tazama rangi ya bati lake. Kutu ya duara chini kabisa ni alama ya kimo cha maji.

Waya ndio gharama ya buti. Betri ikiwa mbele unahitaji mita tano au zaidi, na hapo unene wa waya unahesabika. Waya wa shaba wa milimita za mraba 10 wenye urefu wa mita tano ukipitisha ampea 25 hupoteza takriban volti 0.22, ambayo haisumbui. Ule wa milimita za mraba 4 hupoteza zaidi ya nusu volti na huanza kupata moto. Upitishe kwenye tundu lililopo tayari kwenye ukuta wa injini, lenye mpira wa kuukinga, kisha chini ya kapeti kandokando ya mlango. Nyaya za sauti zipite upande wa pili wa gari. Mambo hubadilika kabisa kwa gari kama Mini ya asili, ambalo betri yake iko butini: hapo waya wa umeme ni mfupi kuliko kote, na kilichobaki ni nyaya za sauti kuja kutoka mbele.

Kurudishika kunawezekana ukitumia ubao. Plaiwudi ya kustahimili maji ni bora kuliko ubao wa unga wa mbao uliobanwa, ambao huvimba ukipata unyevu. Ubao ukatwe kwa umbo la ukuta, ubanwe kwa bolti zilizopo tayari, ufunikwe kapeti inayofanana na ya buti, na amplifaya ifungwe kwenye ubao peke yake.

Buti linamfaa mwenye sedani au kupe anayetaka besi ya kweli, sabufa ikiwa karibu na amplifaya yake. Halimfai anayesafiri na mizigo mizito isiyofungwa.

Nyuma ya dashibodi

Miaka ishirini iliyopita chaguo hili halikuwepo kwa wengi. Amplifaya ndogo za daraja D, ambazo baadhi yake hukaa kiganjani, zimelifungua. Nyingine hufungwa mgongoni mwa redio yenyewe au juu ya kabati la dashibodi.

Nafasi ni ndogo na ya ajabu ajabu. Nyuma ya dashibodi kuna boksi la hita, mota ya wiper, kebo ya spidomita, mirija ya hewa na nguzo ya usukani, na vitu vitatu kati ya hivyo vinatembea. Amplifaya au waya wake usiguse kebo ya spidomita wala mikono ya wiper. Washa wiper huku ukitazama kwa tochi kabla ya kufunga chochote. Kabati la dashibodi kwenye magari mengi ya zamani ni la kadibodi ngumu au nyuzi zilizobanwa, halibebi uzito kwa muda mrefu. Bamba jembamba la alumini lililoshikwa na skrubu za asili za dashibodi hufanya kazi nzuri zaidi.

Joto linatoka pande mbili: hita, na injini iliyo upande wa pili wa bati. Maji huja kutoka kwenye mpira wa kioo cha mbele na matundu ya hewa ya hita, kwa hiyo epuka kona zilizo chini yake moja kwa moja.

Nyaya ni fupi kuliko kote, hasa kwa spika za mbele, na hiyo ni faida kubwa. Hasara ni kelele. Uko karibu na koili, distribyuta na mota ya wiper, na gari lenye platini (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme wa koili) na waya za plagi zenye kiini cha chuma hutoa mlio unaofuata mwendo wa injini. Waya za plagi zenye ukinzani huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Uko pia karibu na nyaya za asili zilizovikwa kitambaa au mpira uliokauka. Ukizisukuma huku na kule zinapasuka. Usichukue umeme wa amplifaya kutoka kwenye nyaya hizo hata ikiwa ndogo. Ipe waya wake kutoka kwenye betri, na fyuzi yake.

Kurudishika ni kwa hali ya juu, kwa kuwa hakuna kinachoonekana na hakuna kilichotobolewa. Kuifikia baadaye ni jambo jingine: mtu atalala chali sakafuni, shingo chini ya usukani.

Inamfaa mwenye gari la viti viwili lisilo na buti la maana, na yeyote anayetaka kuzipa nguvu spika mbili au nne bila kelele za kupita kiasi.

Chini au nyuma ya kiti cha nyuma

Kiti cha nyuma cha magari mengi ya zamani huchomoka kwa kuvutwa tu, na chini yake au mgongoni mwake kuna uwazi ambao hakuna anayeutumia. Beetle ina hata sehemu nzima ya mizigo nyuma ya mgongo wa kiti, ambayo kwangu ni nafasi bora kuliko zote kwenye gari hilo: kavu, pana, na haipigwi na mguu wa mtu.

Chini ya kiti ni habari tofauti. Kwenye Beetle hiyo hiyo betri iko chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, na springi za kiti zikigusa nguzo za betri moto huwaka. Mfuniko wa betri uliokuwepo kiwandani lazima uwepo kabla hujafikiria kuongeza waya mwingine hapo. Kwenye gari lolote, kumbuka kwamba viti vya zamani vilijazwa manyoya ya farasi au nyuzi za nazi, na vitu hivyo vinaweza kushika moto. Amplifaya iliyofunikwa na godoro la namna hiyo haipumui. Daraja D ndogo tu, na kama bomba la ekzosi linapita chini ya bati hilo, hata hiyo usiiweke.

Maji hayasumbui sana, kwani sakafu chini ya kiti cha nyuma mara nyingi imenyanyuka. Nyaya ni za wastani. Kurudishika ni rahisi, maana chochote utakachofanya kinafunikwa na kiti. Kipimo cha kadibodi na mtu mzito kinarudiwa hapa, safari hii wakikaa watu watatu.

Inawafaa wenye magari ambayo kiti cha nyuma hakikaliwi sana, na wenye Beetle kwa ile sehemu ya nyuma ya mgongo wa kiti.

Yasiyobadilika popote utakapoiweka

Fyuzi ya waya mkuu ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Kazi yake ni kulinda waya, na waya ukichubuka kabla ya fyuzi hakuna kitakachouzuia kuwaka. Erthi iwe fupi, chini ya nusu mita, kwenye bati lililokwanguliwa rangi na kutu hadi likang'aa, kisha lipakwe grisi ili lisishike kutu tena. Usiifunge kwenye bolti ya mkanda wa usalama. Na gari la fibaglasi, kama Chevrolet Corvette ambazo bodi zake zimekuwa hivyo tangu 1953, halina bati la kupitisha umeme: erthi irudi kwenye fremu au kwenye betri kwa waya mnene sawa na ule wa kwenda.

Ukiwa na hali hii, fikiria hivi

Gari la maonyesho, ambalo kila skrubu ya asili ina maana kwako: anza na dashibodi, kisha chini ya kiti. Fikiria pia kama unahitaji amplifaya kabisa. Redio za kisasa, hata zile zilizotengenezwa kwa umbo la zamani, zina amplifaya ndani inayotoa kama wati 20 za kweli kwa kila spika, na spika mpya zinazohitaji nguvu kidogo zitakutosha kwenye gari dogo.

Sedani unayoitumia kila wikendi, familia nyuma, mizigo butini: chini ya kiti cha mbele ikiwa kipimo cha kadibodi kimepita. Kisipopita, mgongo wa kiti cha nyuma upande wa buti, baada ya kuhakikisha tenki haliko hapo.

Unataka sabufa: buti, na alteneta kwanza.

Gari la wazi la viti viwili: nyuma ya dashibodi. Amplifaya inayostahimili maji, kama zile zinazotengenezwa kwa boti, inafaa sana hapa, kwa sababu siku moja mvua itakukuta paa likiwa limekunjwa.

Pikapu au gari lenye kiti kimoja kirefu: nyuma ya mgongo wa kiti, amplifaya ikisimama wima. Mara nyingi pana sentimita kumi ambazo hazina kazi nyingine.

Una dinamo na hutaki kuiondoa: daraja D isiyozidi wati 100 kwa jumla, popote panapoipa waya mfupi kutoka kwenye betri. Usiipige gari likiwa limezimwa.

Gari bado lina kutu ya sakafu au linavuja: usifunge kitu kwanza. Tengeneza bati na mipira. Wakati kapeti imetolewa kwa kazi hiyo, ndipo upitishe waya wa umeme upande mmoja na wa sauti upande mwingine, uzifunge ncha zake kwa tepu, na uziache zikisubiri. Kupitisha nyaya ndiyo kazi ndefu kuliko zote, na sakafu ikiwa wazi ni ya asubuhi moja.

Gari ni la erthi chanya na hutaki kulibadilisha: kipo kifaa cha kugeuza umeme kinachoipa redio upande wake wa erthi uliotengwa na bodi. Hakikisha kinabeba ampea za amplifaya yako, kwa sababu vingi vimetengenezwa kwa redio peke yake, na sanduku la amplifaya, ngao za nyaya za sauti na shina la antena visiguse bati popote. Kwa mpangilio huo ubao wa plaiwudi ni wa lazima, na skrubu za amplifaya ziwe fupi kuliko unene wake.